Takwimu za mitambo: nani ana ruhusa ya kuzigusa?

Mwaka 2006 kampuni ya IBM ya Marekani ililipa dola zipatazo milioni 740 kuinunua MRO Software, watengenezaji wa Maximo, programu ya kompyuta ya kusimamia matengenezo ya mitambo. Bei hiyo ilionyesha kuwa kumbukumbu za karakana nazo ni mali.

Programu za aina hiyo hukusanya taarifa za mafundi na kumwonyesha meneja, katika ubao mmoja wa takwimu, muda ambao mitambo imefanya kazi na muda ambao imesimama. Chukua mtambo uliopangiwa saa 600, ukaharibika mara 6 na kusimama jumla ya saa 30. Ubao utaonyesha kuwa ulifanya kazi asilimia 95 ya muda, na kila hitilafu ilichukua wastani wa saa 5.

Mtu akifuta saa 18 kati ya hizo 30, ubao utapanda hadi asilimia 98 bila kiwanda kuongeza hata katoni moja.

Hapo ndipo ruhusa zinapohitajika. Katika Maximo watumiaji hupangwa katika makundi, kila kundi na mipaka yake. Fundi anaweza kuandika kazi aliyoifanya, mtunza stoo akatoa vipuri, na msimamizi peke yake akaidhinisha na kufunga kazi. Wote wakitumia neno la siri moja, kinga hiyo haipo tena.

Mwekezaji anayeonyeshwa takwimu nzuri za kiwanda kabla ya kununua hisa ana swali la kuuliza kwanza: aliyetengeneza mtambo ndiye pia aliyeweza kuzibadili?