Kodi Juu ya Kodi

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili ambayo Waingereza huyatenga. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, naye mwenye nyumba huilipa serikali kodi. Hivyo basi mwenye vyumba vya kupangisha pale Mweiga, Kaunti ya Nyeri, hulipa kodi ya kodi. Wanafunzi wangu hucheka wakisikia maneno hayo. Wazazi wao hawacheki.

Tuchukue mfano. Mtu ana vyumba 10 kando ya barabara ya Nyeri kwenda Mweiga, ambayo hupitia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na kila mwanafunzi humlipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mapato yake ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 kiwango anachotozwa ni asilimia 7.5 ya jumla hiyo, yaani shilingi 45,000. (Kodi hii ilipoanza mwaka wa 2016 kiwango kilikuwa asilimia 10, na hapo neno "ushuru" lilikaa mahali pake hasa, maadamu asili yake ya Kiarabu ni sehemu moja ya kumi.) Msomaji azingatie neno "jumla". Riba ya mkopo aliojengea, mabati yaliyong'olewa na upepo, ujira wa mlinzi, vyote hivyo havipunguzwi kwanza, isipokuwa aombe kuhesabiwa kwa utaratibu mrefu wa kodi ya mapato, ambao wengi hawaujui.

Huko Nairobi nako kuna mabweni ya wanafunzi ya Acorn. Hayo yamo, tangu 2021, katika mifuko ya pamoja ambayo wafanyabiashara wa hisa huiita "riti". Wawekezaji huchanga fedha, mfuko ukajenga au kununua majengo, kisha kodi ya wapangaji hugawanywa kwa wenye vipande. (Wazee wa Nyeri, ambao baba zao walivishwa kipande shingoni na mkoloni, huenda wasilipende neno hilo, lakini Watanzania wamelizoea katika mifuko yao.) Riti iliyosajiliwa na Kamishna wa Ushuru haitozwi kodi ya mapato, na tangu 2019 msamaha huo umeenea hata kwa kampuni zilizo chini yake. Serikali hungoja mgao utoke, ndipo imkate mwenye kipande.

Hoja ya msamaha huo si mbaya. Marekani iliuweka katika sheria mwaka wa 1960, ili raia wa kawaida naye apate sehemu ya jengo kubwa bila shilingi ile ile kutozwa mara mbili, kwanza mfukoni na tena mkononi mwake. Kwa sababu hiyo mfuko hulazimishwa kugawa. Kanuni zetu za 2013 zinaitaka riti ya kupangisha igawe angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi. Lakini hoja hiyo husimama pale tu penye wamiliki wengi. Kampuni ya maduka ya Wal-Mart ilipojilipa kodi ya majengo yake kupitia mfuko iliyoumiliki yenyewe, jimbo la North Carolina lilikataa hesabu hiyo, na mahakama ikalikubalia.

Je, kwetu wamiliki ni akina nani? Riti ya kwanza, Fahari, iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015, kipande kimoja kikiuzwa shilingi 20. Mwalimu aliweza kununua, na wapo walionunua. Mwaka wa 2023 wawekezaji wadogo waliahidiwa shilingi 11 kwa kila kipande ili watoke, na Februari 2024 Fahari ikaondolewa katika soko kuu. Kwa riti za ujenzi, kanuni za 2013 ziliweka kiwango cha chini cha shilingi milioni 5 kwa mwekezaji.

Mtetezi atasema kwamba wenye vipande wakubwa ni hazina za pensheni, na pensheni ni mali ya wafanyakazi wa kawaida. Ni kweli. Ila hazina ya pensheni iliyosajiliwa nayo imesamehewa kodi, kwa hiyo ule mkono uliotarajiwa kukatwa haupo. Fauka ya hayo, mkulima wa viazi na kabichi wa Kieni hana hati ya mshahara wala pensheni. Akiba yake yote ni vile vyumba 10.

Sisemi riti zitozwe. Nyumba zinahitajika, na mabweni yake ni safi kuliko mengi niliyoyaona. Nasema msamaha uwe na masharti. Riti itakayosamehewa itenge sehemu ya vipande vyake kwa umma, kwa kiasi kisichozidi shilingi 5,000, kodi ya chumba kimoja kwa mwezi. Na mwenye vyumba vya Mweiga aruhusiwe kupunguza riba ya mkopo wake kabla ya kutozwa, kwa fomu moja fupi, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi.