Magongo na baiskeli ya mikono ni vyombo vya kazi

Tangu mwaka 2023, mapigano kati ya jamii za Mbole na Lengola yamezileta familia nyingi Kisangani. Anayekimbia usiku huacha magongo nyuma. Hivyo mshonaji au mchuuzi anageuka mtu wa kungoja msaada. Kutoka Bangboka hadi katikati ya mji ni kilomita kama 17. Asiye na chombo, soko hilo kwake ni kama halipo.

Chombo gani kwa kazi gani?

- Asiyeweza kutembea: baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu. Hubeba pia bidhaa. Mnyororo wake ni wa baiskeli ya kawaida, kwa hiyo fundi wa toleka anaweza kuitengeneza.
- Mwenye miguu dhaifu: cherehani ya kuzungusha kwa mkono.
- Asiyeona: fimbo nyeupe, na simu inayosoma maandishi kwa sauti.
- Asiyesikia: ujumbe wa maandishi kwa simu.

Viongozi wafanye nini?

Tunawaomba mnapoandikisha familia msiandike aina ya ulemavu tu. Ulizeni pia: ulifanya kazi gani kabla ya kukimbia, na umepoteza chombo gani? Wekeni soko na mikutano mahali pasipo na ngazi wala matope. Wenye ulemavu waingie katika kamati.

Hiyo ni haki, si huruma. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini Kongo, pamoja na waliohama makwao.