Hewa Nyepesi Haipigwi Marufuku

Mei 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa katika viwanja vilivyo juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Nchi za milima ya Andes zilipopiga kelele, kikomo kikapandishwa hadi mita 3,000, na mwaka uliofuata marufuku yenyewe ikafutwa. Hata hivyo, kila mgeni anapofungwa La Paz, Bolivia, katika uwanja wa Hernando Siles ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 3,600, malalamiko huanza upya. Malalamiko hayo yana msingi wa kisayansi. Marufuku haikuwa nao.

Hewa ya La Paz ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ya Mombasa. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo hushuka hadi takriban theluthi mbili, na hivyo oksijeni kidogo zaidi hupenya kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Mchezaji mgeni anaweza kukimbia mara moja kwa kasi yake yote. Taabu ni kurudisha pumzi kabla ya mbio ya pili, ya tatu na ya kumi. Mpira nao huenda mbali zaidi na hupinda kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo kipa aliyezoea ukanda wa chini huuchelewa. Patrick McSharry, katika utafiti uliochapishwa 2007 na jarida la kitabibu la BMJ, alichambua mechi 1,460 za Amerika Kusini. Timu zinapotoka mwinuko mmoja, mwenyeji ana uwezekano wa kushinda wa takriban asilimia 54. Tofauti ikifika mita 3,695, uwezekano huo hupita asilimia 82. Argentina ya kocha Maradona, Messi akiwemo uwanjani, ilichapwa 6-1 La Paz mwaka 2009.

Wapo wanaosema afya ya wachezaji imo hatarini. Lakini Juni 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali walicheza dakika 90 kamili ndani ya kreta ya Kilimanjaro, mita zipatazo 5,700, ambako kanieneo ni karibu nusu ya ile ya pwani. Waliweza kwa sababu walipanda kwa siku kadhaa. Mwili huanza kwa kuongeza pumzi na mapigo ya moyo. Kisha, kwa muda wa wiki kadhaa, homoni itokayo kwenye figo huchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu. Kinachomponza mgeni ni haraka yake.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wiki moja haimfikishi mgeni alipo mzaliwa wa milimani. Ni kweli, na Bolivia ilipohamishia mechi zake El Alto mwaka 2024, mita zipatazo 4,100, ilikuwa inaitafuta faida hiyo waziwazi. Lakini El Alto ni jiji lenye watu wake, na Colombia huwaalika wageni kwenye joto la Barranquilla bila kuzuiwa. Tena mwinuko peke yake haujengi timu: hadi 2022 Bolivia ilikuwa imecheza fainali za Kombe la Dunia mara 3 tu, ya mwisho 1994. Na katika riadha, Naftali Temu wa nyanda za juu za Kenya aliposhinda mbio za mita 10,000 Mexico City mwaka 1968, kwenye mwinuko wa mita 2,240, hakuna aliyemtaka arudishe medali.

FIFA ikitaka haki, irekebishe ratiba ili wageni wapate siku za kuzoea, na iwaache watu wa milimani wacheze nyumbani kwao.