Skuli za Kanisa na Mtoto Anayezomewa

Kwa miaka mingi sasa Wakristo wa nchi mbalimbali wamekuwa wakibishana juu ya watu wenye mapenzi ya jinsia moja. Mabishano hayo wameyafanya katika sinodi, mahakamani na magazetini, na aghalabu yamewahusu watu wazima: nani afungishwe ndoa, nani apewe upadri, nani azuiwe kuishiriki meza ya Bwana. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za mtoto. Na hali mtoto ndiye asiyeweza kuondoka. Mtu mzima akichukizwa na kanisa lake hutafuta jingine, au hukaa nyumbani kwake. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hana budi kurudi kesho katika darasa lile lile, akae juu ya benchi lile lile, miongoni mwa wale wale waliomzomea jana.

Tumeona inafaa leo kueleza yaliyotokea katika skuli za Kanisa la Uingereza, yaani Kanisa la Kianglikana la huko. Kanisa hilo si geni katika kazi ya elimu. Chama chake cha kueneza skuli kwa watoto wa maskini kiliundwa mwaka 1811, karibu miaka sitini kabla ya sheria ya mwaka 1870 iliyoanzisha skuli za umma. Hivi leo lina skuli zipatazo 4,600 zenye wanafunzi karibu milioni moja, na katika kila skuli nne za msingi nchini humo moja ni yake. Mishahara ya walimu hutoka katika hazina ya umma. Wala wanafunzi wake si Wakristo watupu, kwani zipo skuli za Kanisa hilo mijini ambamo watoto wa Kiislamu ndio wengi. Kwa hiyo lifanyikalo ndani ya skuli hizo si siri ya waumini peke yao.

Kabla ya kulihukumu Kanisa yapasa tuikumbuke sheria waliyoishi nayo walimu. Mwaka 1988 Serikali ya Bibi Margaret Thatcher ilipitisha sheria ya serikali za mitaa ambayo kifungu chake cha 28 kilizikataza halmashauri kueneza mapenzi ya jinsia moja, au kuruhusu yafundishwe katika skuli zao kuwa ni namna ya familia inayokubalika. Kwa maandishi yake kifungu hicho kilizihusu halmashauri, si mwalimu mmoja mmoja, na wala hakikuwa kifungu cha jinai. Lakini hofu haisomi vifungu. Walimu wengi walidhani kwamba hata kumkemea mwanafunzi anayemtukana mwenzake kwa jambo hilo kungehesabiwa kuwa ni kulitangaza. Basi wakanyamaza. Matusi yakawa yanasikika ukumbini, uwanjani, na katika vyumba vya kubadilishia nguo, na mwalimu akipita hugeuza uso kama kwamba hakusikia kitu. Scotland ilikifuta kifungu hicho mwaka 2000, na Uingereza pamoja na Wales mwaka 2003. Kwa muda wa miaka kumi na mitano, basi, wako watoto walioanza skuli na kuimaliza bila ya kumsikia mtu mzima hata mmoja akisema kuwa jambo lile lisifanywe. Na ifahamike kwamba desturi ya kunyamaza haiondoki siku sheria inapoondoka.

Tufike sasa katika mwaka 2013, ambao kwa maoni yetu ndio unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo alikuwa Justin Welby, aliyeshika cheo hicho mwaka huo huo. Mwezi wa Juni Bunge la nchi hiyo lilikuwa likijadili muswada wa kuhalalisha ndoa za watu wa jinsia moja. Welby alisimama katika Baraza la Malodi akaupinga, na kura yake akaipiga upande wa waliotaka muswada ule uanguke. Haukuanguka. Mwezi uliofuata alihutubia Sinodi Kuu ya Kanisa lake mjini York, na huko aliwaambia wajumbe jambo ambalo wengi wao hawakulitazamia: kwamba mateso wanayopata vijana wa namna hiyo mikononi mwa wenzao, na idadi ya wanaofikia hata kutaka kujiua, ni mambo ya kutisha, na kwamba Kanisa lenye watoto karibu milioni moja katika skuli zake haliwezi kuishia katika kusikitika, bali lazima litende.

Wako waliosema kuwa Askofu Mkuu alikuwa akisema kwa ndimi mbili. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kuwa ndoa ni ya mume na mke, na papo hapo akaamini kwa dhati hiyo hiyo kuwa mtoto wa mtu asipigwe wala asidhihakiwe katika skuli yake. Kauli hizi mbili hazigongani. Zikigongana, basi itakuwa imani ya kwanza ilikuwa na kitu kingine kilichofichwa ndani yake, nacho ni chuki, na chuki si fundisho la Kanisa lolote tulijualo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, ambayo haikulegeza hata kidogo katazo lake juu ya matendo yenyewe, inawaagiza waumini wawapokee watu hao kwa heshima, huruma na uangalifu, na waepuke kila dalili ya kuwabagua isivyo haki.

Mwezi wa Mei mwaka 2014 Kanisa la Uingereza lilitoa mwongozo kwa skuli zake. Haukugusa mafundisho ya ndoa. Ulikiri waziwazi kwamba Wakristo hawana kauli moja katika mambo haya, na kwamba mwanafunzi wa sekondari anayeshikilia mafundisho ya zamani ana haki ya kuyasema darasani. Kwa watoto wadogo ulisema habari za matendo ya kimwili hazina nafasi. Uliyoyataka yalikuwa ya kazi zaidi kuliko ya maneno: kila skuli iwe na kanuni inayoutaja uonevu wa aina hii kwa jina lake, badala ya kuufunika ndani ya neno “utovu wa nidhamu”; walimu wafunzwe namna ya kuukabili; na kila tukio liandikwe. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ilikuwa tayari imezikataza skuli, za dini zikiwemo, kumtendea mwanafunzi vibaya kwa sababu ya maumbile ya mapenzi yake. Mwongozo uliwaeleza walimu jinsi ya kuitimiza sheria hiyo siku ya Jumatatu asubuhi.

Jambo moja lililosisitizwa ni lugha. Katika skuli za Uingereza neno la kuwataja watu hao lilikuwa limekwisha geuka kuwa tusi la kila kitu: kalamu isiyoandika, viatu vibaya, mchezo wa kuchosha, vyote viliitwa kwa jina hilo. Watoto waliolitumia wengi hawakuwa na nia mbaya, lakini aliyekaa kimya kwenye kona ya darasa alilisikia mara ishirini kwa siku, na kila mara alijua ni yeye anayetajwa. Sisi wa Visiwani tunalo neno letu ambalo nalo limesafiri. Mama wa Kiunguja humwita mwenzake “shoga” kwa mapenzi, na maana yake ni rafiki wa chanda na pete. Neno hilo hilo likirushwa kwa mtoto wa kiume njiani huwa jiwe.

Mwongozo huo ulipingwa kutoka pande mbili. Wahafidhina waliona kuwa Kanisa linafungua mlango mdogo ili mlango mkubwa ufunguke baadaye, na walipata hoja mpya mwezi wa Novemba 2017 ulipotoka mwongozo wa pili, uliogusa pia habari za watoto wasiojitambua kwa jinsia yao ya kuzaliwa, na kushauri kuwa watoto wadogo waachwe wavae katika michezo yao mapambo wayapendayo bila ya kucheka nani kavaa kipi. Hapo kelele zilikuwa kubwa, na twakubali kwamba hoja ya kumlinda mtoto na hoja ya maumbile ya mwanadamu ni hoja mbili, na Kanisa halikufanya vizuri kuzitia katika kapu moja. Wa upande wa pili walisema: mnamlinda mtoto asiitwe majina uwanjani, kisha padri anamwambia kanisani kuwa akikua ndoa yake haitabarikiwa, je, si tusi lile lile kwa sauti ya upole? Swali hili ni zito kuliko la kwanza, na hatujaona mtu wa Kanisa aliyelijibu likaisha. Jibu la karibu ni kwamba fundisho husemwa kwa wote, kwa sababu, na msikilizaji anaweza kulipinga. Kebehi husemwa kwa mmoja, mbele ya kundi, naye hana la kujibu.

Haifai pia kuficha kwamba waraka peke yake haumlindi mtu. Welby huyo huyo alitangaza kujiuzulu Novemba 2024, baada ya ripoti iliyochunguza ukatili aliowatendea wavulana John Smyth, mwanasheria aliyeendesha kambi za vijana wa Kikristo. Ripoti ilisema kuwa mwaka 2013 viongozi wa Kanisa, Welby akiwa miongoni mwao, wangeweza na wangepaswa kumpeleka mtu huyo rasmi kwa polisi. Mwaka ule ule wa hotuba ya York.

Kanada mambo yalikwenda kwa mkono wa dola zaidi. Katika jimbo la Ontario skuli za Kikatoliki hulipiwa na umma kwa mujibu wa katiba ya mwaka 1867. Mwaka 2002 mwanafunzi mmoja wa skuli ya Kikatoliki mjini Oshawa alikatazwa kumleta rafiki yake wa kiume katika dansi ya kumaliza masomo, akakimbilia mahakamani, na hakimu akaamuru aruhusiwe. Miaka kumi baadaye Bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyowapa wanafunzi haki ya kuunda vyama vya kuondoa uonevu huo, na kuviita kwa jina walitakalo. Maaskofu hawakupinga kumlinda mtoto. Walipinga Serikali kuamua jina la chama ndani ya skuli yao. Walishindwa. Anayelipa mishahara hatimaye huuliza maswali.

Msomaji atauliza haya yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa njia moja ambayo haikupangwa. Tarehe 18 Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana wa ulimwengu, waliokuwa wakikutana Dar es Salaam katika mkutano uliogubikwa na mgogoro huu huu, walivuka bahari wakaja kusali katika Kanisa la Mkunazini hapa Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, kuadhimisha miaka mia mbili ya sheria ya Uingereza ya kukomesha biashara hiyo. Baadhi yao walikuwa wamekataa kushiriki meza moja na wenzao. Kanisa hilo lilijengwa na wamisheni ambao huko Kiungani na Mbweni waliwasomesha watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa, watoto ambao siku hizo hakuna aliyewahesabu kuwa ni watu.

Maaskofu wa Afrika walioikataa njia ya wenzao wa Marekani huegemea azimio namba 1.10 la mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70. Azimio hilo lasema kuwa matendo hayo hayapatani na Maandiko. Nusu hiyo hutajwa mara nyingi. Lakini azimio lile lile, kwa kura zile zile, liliwaagiza waumini wote kuwahudumia watu hao kwa upole, na kulaani hofu isiyo na akili dhidi yao. Nusu hii haisikiki katika mahubiri.

Sheria za Visiwani na za Bara zinayakataza matendo hayo, na dini zetu zina kauli yake. Hiyo siyo hoja yetu leo. Sheria huadhibu tendo, tena lililothibitishwa mbele ya hakimu. Haikumpa mwanafunzi wa darasa la sita mamlaka ya kumhukumu mwenzake kwa kuwa sauti yake ni nyembamba, au mwendo wake si wa kiaskari, au apenda kukaa na dada zake kuliko kucheza mpira. Wengi wanaozomewa kwa jina hilo katika skuli zetu hawajatenda lolote, na hata hawajui wanachotuhumiwa. Na kicheko cha mwalimu huongeza zaidi kuliko jiwe la mwanafunzi, kwa kuwa baada ya mwalimu hakuna pa kushitaki.

Wakubwa wa elimu wanajua jinsi mtoro anavyoshughulikiwa. Jina lake likikosekana katika mahudhurio siku nyingi mfululizo, mzazi huitwa ofisini, akaulizwa kwa nini mtoto haji skuli. Mzazi hujibu ajuavyo: kazi za shamba, maradhi, ukaidi. Mtoto mwenyewe husimama karibu na mlango, na hakuna amuulizaye wenzake humwita nani.