Je, Wajua? Udongo wa Njano Katika Nchi ya Wanavajo

Je, wajua kwamba Wanavajo wa Marekani, kama wengi wetu, huzika kitovu cha mtoto? Hukizika karibu na zizi la kondoo ili mtoto akue akipenda mifugo. Wao hujiita Diné, yaani watu.

Je, wajua kuwa nchi yao imewekewa mipaka na milima minne mitakatifu? Wa mashariki rangi yake ni nyeupe, wa kusini buluu, wa magharibi njano, wa kaskazini nyeusi. Masimulizi yao husema mapacha wawili mashujaa waliua jitu karibu na ule wa kusini, Mount Taylor, na damu yake ikaganda ikawa miamba myeusi. Mwanajiolojia ataiita lava. Kando ya mlima huohuo ndipo ilipogunduliwa urani tele.

Wanavajo waliiita leetso, udongo wa njano. Kati ya 1944 na 1986, karibu tani milioni 30 za mawe yenye urani zilichimbwa katika nchi yao. Wachimbaji hawakuonywa kuhusu hatari yake. Walirudi nyumbani na vumbi mwilini, nguo zao zikafuliwa pamoja na za watoto, na mawe ya mgodini yakatumiwa kujengea nyumba. Kansa ya mapafu ilikuja baadaye. (Urani nyingi ya mabomu ya atomiki ya 1945 ilitoka kwetu huku Afrika, Shinkolobwe, Katanga.)

Je, wajua kuhusu Church Rock, katika nchi ya Wanavajo? Tarehe 16 Julai 1979, bwawa la taka za urani lilipasuka, na zaidi ya lita milioni 350 za maji ya sumu zikaingia mto Puerco. Mionzi iliyotoka ilizidi ile ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, iliyotokea Machi mwaka huohuo na kutangazwa dunia nzima. Hapa walioathirika walikuwa wafugaji wa kondoo, basi nani aandike?

Na huko Black Mesa, katika nchi hiyohiyo, maji safi ya chini ya ardhi yalivutwa ili kusukuma makaa ya mawe ndani ya bomba la kilomita 440 hadi mtambo wa umeme huko Nevada, huku maelfu ya nyumba za Wanavajo zikiwa hazina bomba la maji. Mtambo huo ulifungwa 2005. Mwaka huohuo Wanavajo walipiga marufuku uchimbaji wa urani katika ardhi yao. Migodi iliyotelekezwa ni zaidi ya 500, na mingi bado haijasafishwa.