Manah: fundi mstaafu, mawimbi mawili na kiwanda cha barafu Unguja

Ukitoka Nizwa kwa gari kuelekea kusini haikuchukui nusu saa kufika Manah. Wengi wenu ambao babu zao walipanda majahazi kwenda Unguja, Pemba na Mombasa mnaijua kwa mitende yake na kwa mji wake wa kale wa udongo. Tangu Machi 2023 wageni huja pia kuona Makumbusho ya Oman Katika Zama. Sisi tulikwenda kwa jambo jingine. Tulitaka kuona umeme.

Manah na umeme hawakujuana jana. Kituo cha gesi kilichoanza kazi hapa mwaka 1996 kilikuwa cha kwanza katika nchi za Ghuba kujengwa na kuendeshwa na kampuni binafsi. Na sasa jangwani kuna mashamba mawili ya sola, Manah 1 na Manah 2, kila moja la megawati 500. La kwanza ni la EDF ya Ufaransa pamoja na Korea Western Power, la pili ni la Sembcorp ya Singapore na Jinko Power ya China. Yalizinduliwa rasmi mwaka 2025. Ukiyaona kwa mbali utadhani mtu amemwaga bahari mahali ambapo hapajapata kuwa na bahari.

Lakini paneli hazisemi kitu. Aliyetusemesha ni mzee mmoja wa hapo Manah, fundi mstaafu, mzaliwa wa Unguja aliyerudi Oman miaka ya 1970 kama walivyorudi wengi. Kiswahili chake bado ni cha Ng'ambo, cha zamani, ambacho hata Unguja kwenyewe siku hizi hukisikii sana. Hakutaka jina lake liandikwe, nasi tumeheshimu. Katika chumba chake cha nje, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo na jiko la kahawa, kuna oskiloskopu ya kizamani yenye kioo cha kijani. Tukamwuliza swali la kitoto: sola hizi zinajiunga vipi na umeme mwengine uliokwishakuwamo kwenye nyaya?

"Kwa kusikiliza," akasema.

Umeme wa majumbani mwetu hauendi upande mmoja kama maji ya bomba. Huenda na kurudi, na kila kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja. Oman, Tanzania, Kenya na Uingereza mizunguko ni 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Saudi Arabia ni 60, ndiyo maana katika gridi ya pamoja ya nchi za Ghuba imebidi kujengwa kituo maalumu pale Al Fadhili ili umeme wa Saudia na wa majirani zake upokezane bila kugusana moja kwa moja. Marekani na Canada nako ni 60. Tunamjua Bibi mmoja aliyehamia Toronto na saa yake ya ukutani ya umeme aliyoipenda sana. Wanawe wakamnunulia transfoma, saa ikawaka vizuri, ila kila saa moja ikawa inakimbia mbele dakika 12, na Bibi akawa anaamshwa na adhana ya saa isiyokuwepo. Transfoma hubadili volti, haibadili marudio.

Mzee akawasha kioo chake. Kwanza ilikuwa nukta moja ya kijani, kisha nukta ikakimbia ikawa mstari, kisha mstari ukapinda ukawa wimbi. Ubao wa kioo umegawiwa miraba, kumi kwa upana. Kwenda kulia ni muda, kupanda juu ni volti. Aliweka kila mraba uwe milisekunde 5, akatutaka tuhesabu wimbi moja linachukua miraba mingapi. Minne. Basi ni milisekunde 20, na katika sekunde moja milisekunde 20 zinaingia mara 50. Hivyo ndivyo marudio yanavyopimwa: unapima urefu wa wimbi moja kwa muda, kisha unaigawa sekunde kwa muda huo. Jenereta ikikimbia kidogo, wimbi likawa milisekunde 19.2, hiyo imeshafika hezi 52.

Fezi ilitusumbua zaidi, mpaka mzee akatutoa nje akatuonesha mfereji wa falaj unaopita nyuma ya ukuta. Watu wa huku hugawana maji ya falaj kwa zamu. Kila mwenye hisa ana muda wake, na kipimo cha zamani ni athar, kama nusu saa hivi, mchana wakipima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Sasa chukua watu wawili, kila mmoja hufungua maji mara moja kila siku 8. Marudio yao ni sawasawa. Lakini mmoja hufungua alfajiri na mwenziwe adhuhuri. Hawakosani katika marudio, wamepishana katika mwanzo. Kupishana huko ndiko fezi.

Kwenye oskiloskopu yenye chaneli mbili unayaweka mawimbi mawili juu ya kioo kimoja na unapima pengo baina ya vilele vyake. Mzunguko mzima huhesabiwa digrii 360. Kwa mpimo ule wa miraba minne, kila mraba ni digrii 90. Vilele vikikaa pamoja, hakuna pengo. Vikipishana mraba mmoja, digrii 90. Vikipishana miraba miwili, kimoja kiko juu kabisa wakati mwenziwe yuko chini kabisa, na hiyo ni digrii 180, khatari yenyewe.

Kuna njia nyingine, nzuri kwa macho, ambayo huitwa kwa jina la Mfaransa Lissajous aliyeishughulikia miaka ya 1850. Wimbi moja linapelekwa upande wa kulia na kushoto, la pili upande wa juu na chini. Yakiwa na marudio sawa na fezi moja, kioo kinaonesha mstari ulioinama. Yakipishana digrii 90 unapata duara. Yakipingana kabisa, mstari unainama upande wa pili. Na kama marudio yametofautiana hata kidogo, umbo halitulii. Linabiringika kama sarafu iliyotupwa mezani. Tofauti ikiwa sehemu moja ya kumi ya hezi, basi kila sekunde 10 umbo linamaliza duru nzima.

Mashine za sola za Manah hufanya kazi hiyo hiyo bila kioo. Paneli hutoa umeme wa upande mmoja, kisha inveta huukata na kuufanya wimbi. Kabla ya kutoa hata wati moja, inveta husikiliza wimbi la gridi, hulifuata, halafu ndipo hujiunga likiwa sawa. Likipotea wimbi la kufuata, nayo hunyamaza. Septemba 5, 2022, kabla ya mashamba haya, umeme ulikatika Muscat na mikoa kadhaa ya Oman, na kurejesha gridi baada ya balaa kama hilo ni kazi ya kuunganisha mashine moja moja, kila mpya ikingojea wimbi lake lilingane na lililopo.

Tulikuwa bado kwenye kahawa simu ya mzee ilipolia. Alikuwa mtoto wa dada yake, kijana fundi aliyeko kaskazini mwa Unguja, anayehudumia kiwanda kidogo cha barafu ya wavuvi. Hapa inafaa tuwakumbushe wasomaji wa ughaibuni ambao wamesahau. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Mei na Juni 2008 waya huo ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa afadhali, lakini mwenye biashara ya barafu hajasahau, na jenereta hazikuuzwa. Kiwanda hiki kina mbili, kubwa na ndogo.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na madau yalikuwa njiani na samaki. Jenereta kubwa peke yake haikuweza kubeba mashine zote. Kijana alitaka kuziunga mbili zifanye kazi pamoja, na kipimo cha kwenye kabati kinachoonesha kama zimelingana kilikuwa kimekufa. Akaazima oskiloskopu.

"Mjomba, shikamoo. Nimezipima. Zimekaa sawa sawa kama pacha. Nivute swichi?"

Akatuma picha kwa WhatsApp. Na kweli, mawimbi mawili yamelaliana, huwezi kuyatenganisha.

Mzee hakujibu. Kwanza akamwuliza kama amegusisha probu moja kwa moja kwenye umeme mkubwa. Kijana akasema hapana, ametia transfoma ndogo mbili za kushusha hadi volti 12. Hapo mzee akahemewa kidogo. Kibanio cheusi cha probu kimeungwa na ardhi kupitia mwili wa mashine, na ukikibania kwenye waya hai unapata moto mkononi. Wako mafundi wanaokata waya wa ardhi wa oskiloskopu ili wapime, na matokeo yake sanduku lote la chuma linakuwa hai mbele ya kifua chao. Msifanye hivyo.

"Vizuri. Sasa picha siitaki, nitumie video."

Video ikaja. Yale mawimbi pacha hayakuwa yamesimama. Moja lilitulia na la pili lilikuwa linateleza polepole kulia, linalipita mwenziwe, linapotea, linarudi. Kijana alikuwa amepiga picha pale tu yalipokutana. Mzee akamwambia apunguze kasi ya injini ndogo kidogo kidogo, maana jenereta isiyobeba kitu hukimbia, mpaka mtelezo ukawa wa taratibu sana. Marudio yakawa karibu sawa. Kijana akauliza tena, mara hii kwa haraka: nivute yakikutana?

"Hizo transfoma mbili umezijaribu kwenye chanzo kimoja?"

Kimya.

Hili ndilo tulilolifuata Manah bila ya kulijua. Ukipima vitu viwili kwa vipimo viwili, kwanza hakikisha vipimo vyenyewe vinasema kitu kimoja. Transfoma mbili zikitiwa kwenye fezi ile ile ya jenereta ile ile, mawimbi yao lazima yalaliane. Kijana akafanya hivyo. Baada ya dakika chache video ikaingia, na sote watatu tukainama juu ya simu. Mawimbi yalikuwa yanapingana, kimoja juu kimoja chini. Transfoma mojawapo ilikuwa na nyaya mbili nyeusi zisizo na alama, naye alizibania kinyume.

Maana yake ni kwamba kila alipoyaona yamelaliana, kwa kweli yalikuwa digrii 180. Angalivuta swichi pale. Kilele cha wimbi la volti 240 ni kama volti 340, na kwa kupingana tofauti baina ya nyaya mbili inafika 680, na nyuma yake kuna mashine mbili nzito zinazovutana kila moja upande wake. Machi 2007 wataalamu wa maabara ya taifa ya Idaho, Marekani, walifanya jaribio la makusudi: jenereta ya dizeli ya megawati 2.25 ikatengwa na gridi na kuungwa tena mara kadhaa fezi zikiwa zimepishana. Ilitikisika, ikatoa moshi, ikaharibika. Pale hapakuwa na mtu karibu. Kiwandani Unguja kijana angekuwa na mkono juu ya swichi.

Hakupiga kelele, yule mzee. Alimwambia ageuze zile nyaya na ajaribu tena, mawimbi yakalaliana kwenye chanzo kimoja kama inavyotakiwa. Kisha akamwuliza kuhusu mpangilio wa fezi tatu, nyekundu, njano na buluu, kama katika jenereta zote mbili zinafuatana kwa utaratibu mmoja, kwani kulingana kwa moja hakukutoshi ikiwa mbili nyengine zimebadilishana. Njia ya kujua ni mota ndogo ya fezi tatu: ukiihamisha kutoka jenereta moja hadi nyengine lazima izunguke upande ule ule. Kijana hakuwa na mota. Alikuwa na samaki wa watu wanaongoja.

"Basi leo hutaziunga," mzee akasema. "Mashine ya baridi mpe kubwa. Pampu na taa mpe ndogo. Kila moja na njia yake, zisionane."

"Mjomba, barafu itatoka nusu."

"Itatoke nusu."

Sisi hatujafika nyumbani miaka mingi, kwa sababu ambazo wasomaji wetu wa zamani wanazijua, na tunakiri kwamba tulipoisikia sauti ya mashua na watu wakigombana bei upande wa pili wa ile simu hatukuweza kuandika kitu kwa muda. Mzee alitazama pembeni akatumiminia kahawa nyengine.

Jioni ukaja ujumbe. Jenereta zinafanya kazi mbalimbali, barafu imetoka chini ya nusu, wavuvi wamenuna, mwenye kiwanda amekubali kununua kipimo kipya cha kulinganisha. Mzee akaandika jibu kwa kidole kimoja, polepole, kisha akatuonesha kabla hajalituma. Swichi ya kuungia itiwe kufuli mpaka kipimo kifike, na ufunguo apewe mama yake.