Kanga shambani na bunduki ya mitutu miwili: Mambo ambayo mwenye silaha Ukambani hana budi kuyajua

MVUA ya vuli inapokaribia katika kaunti za Kitui na Makueni, mkulima huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba huenda mbingu zikafunga. Ya pili ni kanga, ambao hushuka shambani alfajiri na kufukua mahindi na kunde zilizopandwa jana yake, shimo baada ya shimo, kana kwamba wameonyeshwa mstari.

Hapo ndipo macho humwelekea jirani mwenye bunduki. Mara nyingi ni ile ya zamani, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ambayo hukunjwa katikati ili kutiwa risasi. Wengi huiita shotigani. Haitoi risasi moja kama bunduki ya askari, bali hunyunyiza marisau, yaani vijipunje vingi vidogo vinavyotawanyika kadiri vinavyokwenda mbali. Ndiyo sababu ilipendwa na wawindaji wa ndege tangu enzi za ukoloni: ndege arukaye ni vigumu kumpata kwa punje moja.

Mitutu hiyo miwili hailingani. Kwa kawaida wa kulia huwa wazi zaidi mdomoni na hutawanya marisau mapema, ilhali wa kushoto umebanwa kidogo ili marisau yaende pamoja kwa masafa marefu zaidi. Bunduki nyingi za aina hii zina vifyatulio viwili, cha mbele kwa mtutu wa kulia na cha nyuma kwa ule wa kushoto. Hivyo mwindaji huamua papo hapo: kwale akiruka karibu na miguu yake, atavuta cha mbele, kanga akiwa tayari amejitenga, atavuta cha nyuma. Bunduki yenye mtutu mmoja haimpi hiari hiyo.

Ukubwa wa mtutu hutajwa kwa namba inayowatatiza wengi kwa kuwa huenda kinyume. Namba 12 ni pana kuliko namba 20. Hesabu hiyo ni ya kale, nayo huuliza ni goroli ngapi za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu, zitakazotimiza uzani wa ratili moja. Goroli 12 ni kubwa kuliko goroli 20. Kwa vipimo vya leo, mtutu wa namba 12 una upana wa takriban milimita 18.5 na ule wa 20 takriban milimita 15.6. Namba 20 ni nyepesi kubeba kutwa nzima juani. Namba 12 hubeba marisau mengi zaidi, na kwa kanga, ambaye ana mwili mkubwa na manyoya mazito, ndiyo iliyozoeleka.

Namba hizo mbili zikikutana katika mfuko mmoja huleta maafa. Risasi ya namba 20 ikitiwa kimakosa katika bunduki ya namba 12 huteleza ndani na kukwama mbele kidogo, mahali isipoonekana. Mwenye bunduki hudhani hajatia kitu, hutia risasi ya namba 12 nyuma yake, na anapofyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Watengenezaji huzipaka risasi za namba 20 rangi ya manjano kwa sababu hiyo hiyo. Aliye na bunduki za namba zote mbili nyumbani asichanganye risasi zake hata siku moja.

Kwa anayepima bunduki kuukuu, urembo wa nakshi ndio jambo la mwisho kutazamwa. La kwanza ni urefu wa chumba cha risasi. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zilichongwa kwa risasi za milimita 65, na nyingi zinazouzwa siku hizi ni za milimita 70. Risasi ndefu huingia bila kulalamika, lakini inapofunguka hukosa nafasi, na shinikizo hupanda kupita kiasi ambacho chuma kilipimiwa. La pili ni mitutu yenyewe. Ile ya karne ya 19 iliyofumwa kwa vipande vya chuma, yenye michirizi kama ya mbao, inapendeza ukutani. Kuifyatua kwa baruti ya kisasa bila kupimwa na fundi anayetambuliwa ni kucheza na mkono wako. La tatu ni kutu na mabonde ndani ya mtutu, ambayo huonekana ukiutazama dhidi ya mwanga. Fundi wa zamani pia huitenga mitutu, huining'iniza na kuigonga kidogo. Ikilia kama kengele, viungo vyake vimeshikana. Ikitoa sauti ya debe, kuna mahali palipoachia.

Matumizi yana adabu zake. Kanga hapendi kuruka, hukimbia. Kumpiga akiwa ardhini ndiyo njia rahisi, na ndiyo iliyo hatari kuliko zote, kwa kuwa marisau huenda sambamba na ardhi, na nyuma ya kichaka huenda yuko mchungaji. Masafa yafaayo hayazidi mita 35 au 40. Zaidi ya hapo ndege hujeruhiwa tu na kwenda kufia mbali. Lakini marisau hayo hayo husafiri zaidi ya mita 200 kabla ya kutua, na hapo ndipo Ukambani pana tatizo lake la pekee. Wakati wa kiangazi ndege hukusanyika penye maji, na maji ya Kitui na Makueni yamo katika mito ya mchanga na mabwawa ya mchanga, ambako asubuhi hiyo hiyo akina mama na watoto wamefika na mitungi na punda. Mahali penye ndege wengi ndipo penye watu wengi.

Mwenye bunduki huikunja na kutoa risasi kabla ya kuvuka ua, kuingia gari au kusalimiana na mtu.

Yote hayo hayana maana iwapo sheria haikufuatwa. Mnamo Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini. Ndege hawakuguswa na marufuku hayo, na kwa miaka mingi wenye leseni waliendelea kuwawinda. Ndiyo asili ya dhana, ambayo bado husikika, kwamba kanga ni wa kila mtu. Sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inauharamisha uwindaji wa michezo na wa kujiburudisha. Hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo hakuachwa: ilipopitishwa, sheria hiyo iliweka faini isiyopungua Sh30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Anayedhani ana ruhusa sharti aionyeshe kwa maandishi kutoka kwa shirika la wanyamapori, KWS. Nayo maeneo yaliyohifadhiwa, kama vile Milima ya Chyulu, Tsavo na hifadhi ya Kitui Kusini, hayaingiwi na silaha ya raia.

Bunduki yenyewe ina sheria yake. Cheti cha kumiliki silaha hutolewa kwa mtu, si kwa ukoo. Mzee akifariki, cheti chake hakimfuniki mwanawe, na silaha iliyobaki juu ya dari ni kosa la yule anayekaa chini ya dari hiyo. Hupelekwa kituo cha polisi, kisha mrithi aombe cheti chake mwenyewe.

Mkulima ana haki ya kulalamika. Orodha ya wanyama ambao serikali huwalipia fidia wanapoharibu mazao ina ndovu, nyati na kiboko, ndege hawamo. Kwa hiyo aliyefukuliwa kunde zake hulipi hasara hiyo ila kwa mbegu zake mwenyewe. Anachoweza kufanya ni kuripoti kwa afisi ya KWS iliyo karibu, na kuwatuma vijana shambani kabla ya jua kuchomoza, kwa makopo na mbwa, hadi mimea itoe majani ya tatu na kanga wapoteze hamu.